Mzigo Kwanza, Salamu Baadaye

Ofisini kwao hakuna aliyethubutu kumtumia Bi Pini faili lililo uchi. Faili uchi, kwa lugha yake, ni lile linaloingia kwenye barua pepe peke yake, bila mada, bila salamu, bila hata neno moja la kusema wewe ni nani na unataka nini. Mtu akimtumia hivyo hakugombezwa. Alijibiwa mstari mmoja tu: "Nimepokea kitu kutoka kwako, naomba unijulishe ni nini." Wengi waliona afadhali wangegombezwa.

Jina lake la Bi Pini lilitokana na kisahani cha pini alichokiweka kando ya kompyuta, ingawa ilikuwa imepita miaka mingi tangu ofisi hiyo ya wahandisi wa majengo ibane karatasi mbili pamoja. Vijana walimtania kwamba anangoja karatasi zirudi. Naye aliwaacha wacheke. Alikuwa katibu wao tangu enzi za mashine ya kuchapa, alijua siri ya kila mmoja na hakuzisema, na mtu wa namna hiyo unamwachia pini zake.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa mchoraji wa ramani, fundi kwelikweli wa kompyuta, ambaye walimbandika jina la Mwisho Kabisa kwa jinsi alivyoziita kazi zake. Mchoro wa kwanza aliuita "mwisho", uliofuata "mwisho mpya", na uliofuata huo "mwisho kabisa". Siku moja akammwagia mteja michoro yote kwa mkupuo, bila maelezo, na fundi wa mteja akajenga ngazi kwa kufuata ule uliokuwa umekwisha kukataliwa. Ngazi ikapanda vizuri, ikaishia ukutani.

Bi Pini hakumcheka. Alimvutia kiti akamfundisha kama alivyofundishwa yeye. Jina la faili liseme kilichomo na tarehe yake. Ulifungue mwenyewe kabla hujalituma, usije ukampelekea huyu mambo ya yule. Likiwa zito, muulize kwanza mwenzako kama ana pa kulipokelea. La mtu mmoja usiwamwagie ofisi nzima. Halafu akamwambia lile alilolishika kuliko yote.

"Mzigo kwanza, salamu baadaye, jina la mpokeaji mwisho."

Mwisho Kabisa akauliza kwa nini mambo yaanzie mkiani.

"Kwa sababu ukianza na jina, kidole kitateleza na barua itaondoka mikono mitupu. Barua isiyo na jina haina pa kwenda. Itakungoja mpaka umalize."

"Hii umeipata kwenye kozi gani, mama?"

"Kozi ya sebuleni kwetu," akasema, na sebule hiyo kila alipoitaja ilimrudisha nyuma mbali sana.

Baba yake alikuwa karani wa masijala, mtu mwembamba mwenye mwandiko wa kujivunia, na pale sebuleni palikuwa na meza yake. Ilikuwa meza ya mbao nzito yenye droo mbili. Moja ilikuwa na adabu, nyingine iligoma kufunguka mpaka uipige goti kwa chini. Jumapili baada ya chakula watu wa mtaa walimletea vyeti na vielelezo vyao ili awaandikie barua za kuomba kazi au za kulalamika, naye aliwaita binti zake wawili wakae huku na huku. Mkubwa alishika pini. Mdogo, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango, alishika bahasha, na kazi yake aliyoipenda ilikuwa kulamba gundi mpaka ulimi ukakauka.

Baba hakuandika hata "Ndugu Mheshimiwa" kabla vyeti havijapangwa na kubanwa pini. Mzigo ukishakaa sawa, ndipo alipoandika maneno ya kuusindikiza, na anwani ilikuwa ya mwisho kabisa. Alikuwa na semi zake mbili. Barua iliyosahau kielelezo aliisemea kwamba mkono mtupu haulambwi. Na kielelezo kilichotumwa bila barua alikisemea kwa ukali zaidi: "Karatasi haitembei peke yake." Kitinda aliposikia hivyo alicheka mpaka akateremka chini ya meza, na huko, siku moja, wakiwa wawili wamejibana katikati ya miguu ya baba yao, walichukua pini wakachora kwenye ubao wa chini karatasi yenye miguu miwili, inatembea. Baba hakuijua mpaka anakufa.

Ukali wake ulikuwa na chanzo, na mama yao ndiye aliyekieleza, tena akihakikisha baba yupo anasikia. Alipokuwa anamposa, Karani alimwandikia barua ndefu ya mwandiko wa kupendeza, akamalizia kwamba ndani ya bahasha anamletea picha yake. Mama akakung'uta bahasha, akaichungulia, akaipasua kabisa. Hamna picha. Picha ilibaki mezani kwa mwenyewe, aliyoipiga studio akiwa amevaa koti la kuazima. Basi mama akajibu kwa maneno machache: "Picha sikuiona. Usiitume tena. Lete uso wenyewe." Karani akapeleka uso, akakubaliwa.

"Na ningeanza kuiona ile picha, na lile koti," mama alikuwa akimalizia, "nyinyi msingezaliwa."

Hapo baba aliangalia dari kama anayetafuta panapovuja, na wote watatu wakamcheka. Lakini mama alikuwa na neno jingine, ambalo alilisema siku moja tu, wakati baba ametoka. Alisema kwamba hakukasirika kuikosa ile picha. Alijua kwamba mtu makini kama yule hasahau kitu hivihivi. Akisahau, ujue maneno yalimjaa.

Sasa Bi Pini alikuwa na mvi zake mwenyewe, na yeye na Kitinda walikuwa hawasemezani.

Ilikuwa hivi. Yeye aliondoka nyumbani mapema kufuata kazi, Kitinda akabaki na wazazi, akishona nguo za watu pale pale nyumbani. Baba aliugua, akafariki. Miezi kadhaa baadaye Bi Pini alikwenda likizo, akaingia sebuleni, akakuta cherehani imekaa mahali pa meza. Meza yenyewe Kitinda alikuwa ameitoa kwa shule ya jirani, bila kumuuliza mtu. Sakafuni zilibaki alama za miguu ya meza, nyeupe kuliko pengine. Bi Pini alisimama juu ya alama zile, hata mkoba hajautua, akasema, "Umemtoa baba nje." Naye Kitinda, bila kuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akishona, akajibu, "Mimi nimetoa meza. Wewe ulijitoa mwenyewe." Maneno yakawa yameshatoka, na maneno si kama mshono kwamba utayafumua. Likizo ilikatishwa.

Lakini ndugu wenye mama mmoja hawawezi kuachana kabisa, kwa sababu mama ana kliniki na ana majibu ya vipimo, na dada mkubwa lazima ajue. Kwa hiyo Kitinda akaanza kutuma. Mada hamna, salamu hamna, neno hamna. Kiambatisho tu. Na Bi Pini, ambaye ofisi nzima ilimwogopa kwa faili uchi, alizipokea barua zile mwaka baada ya mwaka na kujibu, "Imepokelewa. Asante." Ule mstari wake maarufu wa kuuliza ni nini hiki hakuwahi kumtumia mdogo wake. Alijua vizuri ni nini.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ukiacha ule ukimya, kazi ya Kitinda haikuwa na dosari. Mafaili yaliitwa kwa majina yake: mama na kliniki, mama na bustani, mama na gauni jipya, kila moja na tarehe. Picha zilikuja zimesimama wima, si za kukufanya uvunje shingo. Na hata mara moja Kitinda hakuwahi kusahau mzigo. Alikuwa mtoto wa Karani huyo, ameshika nusu ya mafunzo na nusu nyingine ameisusa.

Picha zikifika, Bi Pini alimwangalia mama yake kwanza, akaridhika, kisha akaanza kutafuta pembeni. Pengine kidole cha Kitinda kimeingia kwenye kona. Pengine kivuli chake kimeanguka sakafuni, na kilemba amekifunga upande kama zamani. Alivitazama vipande hivyo vya mdogo wake kwa muda mrefu. Alimkumbuka, na ndio ukweli, alimkumbuka hata akatamani aandikiwe tusi.

Ndipo mama alipopiga simu na habari zake. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu, daktari amesema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji mwanzoni mwa mwezi.

"Sasa nina watoto watatu," mama akasema. "Wawili wamenuna na mmoja yuko jichoni. Wa jichoni ndiye mwenye nafuu, maana yeye ana siku ya kutoka."

Bi Pini akacheka bila kutaka. Mama akaendelea kwamba siku atakapofunguliwa bandeji anataka awaone wote wawili kwa pamoja. Hataki mmoja asubuhi na mmoja jioni kama vidonge. Bi Pini akasema angependa kuja, ila hawezi kuingia katika nyumba ya mtu hajakaribishwa.

"Nyumba ni yangu," mama akasema.

"Unajua ninamsema nani, mama."

"Ninajua. Na yeye anasema hawezi kumwita mtu aliyeondoka bila kuaga." Mama akavuta pumzi. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi yangu ni macho tu. Nyinyi mioyo yenu mnaiua wenyewe, na sindano yake hospitali haipo." Bi Pini alipomwomba basi amfikishie Kitinda neno, mama alikataa. Alisema yeye si posta, na simu akakata.

Siku zile Bi Pini alifungua ukurasa mtupu wa barua pepe mara nyingi. Alijua kuandikia wizara, wakandarasi, wateja wakorofi, lakini alipotaka kumwandikia mdogo wake vidole vilikaa juu ya herufi havijui pa kushuka. Mzigo kwanza, na yeye hakuwa na mzigo. Hakuwa na cheti wala mchoro wa kumtumia, alikuwa na maneno tu, na maneno matupu hakuna aliyemfundisha kuyatuma. Akafunga. Kesho yake akafungua tena, akafunga. Mwanzo wa mwezi ukawa unasogea, na wazo la mama kufunguliwa jicho halafu aone mtoto mmoja lilimnyima raha ya kazi na ya chakula.

Asubuhi moja Mwisho Kabisa alikuja na kiti chake kumwonyesha barua ya mteja kabla hajaituma, kama ilivyokuwa desturi yake tangu ile ngazi. Wakiwa wanasoma pamoja, barua ikaingia kwenye kompyuta ya Bi Pini. Ilitoka kwa Kitinda, na ilikuwa na mada. Mada yenyewe ilisema: "Dada, njoo."

Bi Pini akaifungua, akasahau kwamba ana mtu pembeni.

"Dada, shikamoo," Kitinda alikuwa ameandika. "Nimeanza barua hii mara nyingi nikashindwa, nikawa natuma picha tu. Nilijua hupendi. Nilitaka ukasirike uniulize, hukuuliza.

"Juzi nilikwenda shuleni kuiangalia meza. Iko chumba cha walimu. Wameipaka rangi ya kijani, mbaya, ungelia. Droo bado ni ile ile. Mwalimu alikuwa akivutana nayo, nikaipiga goti ikafunguka, wakanishangaa wote. Halafu niliinama chini, mtu mzima mimi, na karatasi yetu iko, na miguu yake miwili, rangi haikufika huko.

"Dada, sikuitoa kwa ajili ya cherehani. Cherehani ingekaa hata barazani. Nilimuuguza baba mpaka mwisho, na baada ya pale kila nikiamka naikuta ile meza haina mtu. Sikuweza. Ningekuuliza kwanza, lakini ningekuuliza ungekataa, nami nilikuwa nimechoka. Nisamehe. Na wewe neno lako lilikuwa zito, ila nimelibeba nimechoka kulibeba.

"Mama anafanyiwa mwanzo wa mwezi. Anayekuita ni mimi, si mama. Picha ya karatasi yetu nimekuambatishia hapa chini, uione. Ni mimi mdogo wako."

Chini hapakuwa na kitu.

Bi Pini aliteremsha ukurasa mpaka mwisho, akaupandisha, akaufunga, akaufungua upya. Hakukuwa na picha. Mwisho Kabisa, ambaye maneno ya watu hakuyasoma lakini nafasi tupu aliijua akiiona, akakohoa kidogo.

"Huyu kasahau mzigo," akasema kwa upole. "Si kuna ile ya kwako ya kuwajibu waliosahau? Kiambatisho hakikufika, tafadhali tuma tena."

"Huyu hasahau," Bi Pini akasema. "Miaka yote hii hajasahau hata mara moja."

Na aliposema hivyo akajisikia mwenyewe, akaelewa. Kitinda alikuwa ameanza na salamu. Safari hii maneno yalitangulia, yakajaa, yakamwagika, na mtoto wa Karani akabonyeza kutuma na picha imebaki nyumbani, kama ile ya koti la kuazima. Bi Pini akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa machozi kabla hajakizuia. Mwisho Kabisa aliangalia dari. Watu wenye heshima wote, inaelekea, huangalia dari.

Alipoweza kuona herufi, aliandika.

"Marahaba, Kitinda. Na mimi nisamehe. Picha sikuiona. Usiitume tena."

Hakuisoma mara ya pili. Aliituma, akaketi mikono imelala mapajani, akiogopa kwa mara ya kwanza katika kazi yake kwamba labda hakueleweka. Kule nyumbani, alijua, simu ilikaa juu ya cherehani, na Kitinda hakuwa mtu wa kuishika katikati ya mshono. Mwisho Kabisa akataka kuondoka, Bi Pini akamwonyesha kwa mkono akae. Wakarudi kwenye barua ya mteja, wakasoma mstari mmoja, wakausoma tena.

Jibu likaingia. Halikuwa na salamu wala kiambatisho.

"Basi lete uso wenyewe, dada."

Bi Pini alilisoma, akaifunga kompyuta hata kazi ya mteja haijaisha, jambo ambalo Mwisho Kabisa alilisimulia ofisini mpaka watu wakachoka kulisikia. Akachagua pini moja kwenye kisahani, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, maana ile karatasi ya chini ya meza ilikuwa imetembea peke yake miaka mingi na ilistahili kuchorewa mwenzake. Kisha akaenda kugonga mlango wa mhandisi mkuu, kumwomba likizo.